Kalenda, mfululizo au mada: njia ipi itakusaidia kumhubiri Kristo kila Jumapili?

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa zamu ya kuhubiri Jumapili ya akina mama. Nikafungua kitabu cha Ruthu, nikahubiri dakika 40 juu ya mkwe mwema: jinsi Ruthu alivyomvumilia Naomi, alivyookota masuke juani, alivyosikia la mkubwa. Vigelegele vikapigwa. Ibada ilipokwisha, mama mmoja mtu mzima akanisubiri mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umehubiri vizuri. Ila mimi mkwe wangu alishaondoka, kaniachia wajukuu wawili. Sasa leo neno langu lilikuwa lipi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekipitia kitabu kizima bila kumgusa Boazi, mtu aliyelikomboa shamba la Naomi, na bila kufika kwa Yule ambaye ukoo wake unapita katika nyumba ile ya Bethlehemu. Nilimpa mjane yule mzigo, nikamwacha aubebe peke yake.

Tangu siku hiyo, wahubiri wenzangu wanaponiuliza ni ipi bora kati ya kufuata kalenda ya masomo, kufafanua kitabu kwa mfululizo na kuchagua mada, huwa nawarudisha kwenye swali lililo nyuma ya hilo: ni njia ipi itakusaidia wewe, mahali ulipo, usimwache Kristo nje ya hubiri? Najua si wote wenye uhuru wa kuchagua. Padri anaongozwa na masomo ya Misa, mchungaji wa Kipentekoste mara nyingi anajipangia mwenyewe, mwinjilisti wa mtaa anafuata alichopangiwa na usharika. Lakini hata aliyefungwa Jumapili ana ibada ya katikati ya wiki, ana jumuiya, ana semina, ana msiba.

Vigezo vya kupimia

Kabla ya vigezo, neno moja. Kumweka Kristo katikati hakupimwi kwa idadi ya mara jina lake linavyotajwa. Mtu anaweza kusema "katika jina la Yesu" mara 100 katika hubiri ambalo kiini chake ni biashara yako. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba aliazimu asijue neno lolote kwao ila Yesu Kristo, naye amesulubiwa. Waraka uleule unazungumzia zinaa, kesi mahakamani, ndoa, nyama iliyotolewa kwa sanamu, hata changizo. Alitimizaje azimio lake? Tazama anavyojenga hoja. Kwenye zinaa: mlinunuliwa kwa thamani. Kwenye nyama: huyo dhaifu unayemkwaza ni ndugu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake. Uondoe msalaba, na hoja zake zote mbili zinaanguka. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa hubiri lolote, langu kwanza: je, lingesimama vilevile kama Yesu asingekufa na kufufuka?

Basi nazipima njia zote tatu kwa maswali yaleyale. Kristo anatoka wapi: ndani ya andiko lenyewe, au anagongwa mwishoni kama muhuri kwenye barua? Andiko linaachwa liseme neno lake? Maandalizi yanadai muda na vitabu kiasi gani? Msikilizaji ananufaikaje, yule anayekuja kila wiki na yule anayekuja mara moja kwa mwezi? Mwisho, mtego ni upi, yaani Kristo hupotelea wapi bila mtu kukusudia?

Kufuata kalenda ya masomo

Kanisa Katoliki lilitoa mpangilio mpya wa masomo mwaka 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano: miaka mitatu inayozunguka, Mwaka A Mathayo, Mwaka B Marko, Mwaka C Luka, na Yohana akisikika zaidi Kwaresima na Pasaka. Makanisa mengi ya Kiprotestanti duniani yana mpango unaofanana na huo, uliochapishwa 1992. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) nao wana kalenda yao yenye masomo na wazo la kutafakari kila Jumapili.

Nguvu kubwa ya njia hii ni kwamba kila Jumapili Injili inasomwa. Mhubiri awe mchovu, awe mgeni, akosee hata, watu wameshasikia maneno na matendo ya Bwana kabla hajafungua kinywa chake. Mwaka wenyewe una umbo la maisha ya Kristo: Majilio unamngoja, Epifania anadhihirishwa, Kwaresima unaelekea naye Yerusalemu, Pasaka amefufuka. Mtoto aliyekulia humo anaijua habari hiyo kabla hajajua kusoma.

Kuhusu andiko, hapa pana faida na hasara. Katika vipindi vya kawaida vya mwaka, somo la Agano la Kale katika mpango wa Kikatoliki huchaguliwa lioane na Injili ya siku, kwa hiyo njia ya kutoka huko hadi kwa Kristo imeshafyekwa. Lakini yanayosomwa ni vipande. Ruthu, kwa mfano, hasomwi Jumapili hata moja katika mzunguko huo. Anasikika Ijumaa na Jumamosi ya wiki ya 20, mwaka wa kwanza wa masomo ya siku zisizo za Jumapili. Mpango wa 1992 unampa Jumapili mbili za Mwaka B, ila unaruka kutoka mwanzo wa sura ya 3 hadi sura ya 4 mstari wa 13. Tukio la langoni, ambapo ukombozi wenyewe unafanyika, linabaki nje. Mhubiri makini atafungua Biblia yake asome kilichoachwa katikati.

Maandalizi yake ni mepesi kuliko ya njia nyingine, kwa kuwa andiko limeshachaguliwa. Unaweza kuanza Jumatatu badala ya kuhangaika hadi Ijumaa ukitafuta cha kusema. Anayekuja mara moja kwa mwezi hapotei, maana kila Jumapili inajitegemea. Hata aliyesafiri kwenda kijijini atakuta somo lilelile huko.

Mtego wake ni mazoea. Mhubiri anaikuta Injili ya mwana mpotevu kwa mara ya tano, anatoa hubiri la miaka mitatu iliyopita, anabadilisha mfano mmoja. Mtego mwingine ni kutwaa wazo la siku, tuseme uwakili au malezi, na kulihubiri wazo bila masomo yenyewe. Hapo kalenda inabaki kwenye tangazo tu, na mimbarani limepanda hubiri la mada lisilojitambua.

Inawafaa makanisa yenye wahubiri wengi wa zamu, kwa sababu hakuna atakayeigeuza mimbari kuwa uwanja wa hoja anazozipenda yeye.

Kufafanua kitabu kwa mfululizo

Tarehe 1 Januari 1519, Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, alipanda mimbarani Zürich, akaacha masomo yaliyopangwa, akaanza Mathayo sura ya 1 na kuendelea mbele. Calvin, mwanamatengenezo mwenzake, alifukuzwa Geneva mwaka 1538; aliporudishwa 1541 aliendelea na mstari uliofuata pale alipokuwa ameishia, bila kusema mengi juu ya yaliyompata. Zamani zaidi, katika karne ya nne, mhubiri Yohane Krisostomo aliifafanua Injili ya Mathayo kule Antiokia katika hotuba 90. Kwa hiyo njia hii si mali ya dhehebu moja, wala haikuzaliwa jana.

Andiko ndilo linalopata heshima kubwa kuliko yote hapa. Huwezi kuruka mstari unaokuuma. Ukifika pagumu, kila mtu kanisani anajua umefika, na anangoja. Na Kristo anapotokea, anatokea kwa njia ambayo msikilizaji anaweza kuifuata kwa kidole nyumbani kwake. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye siku zote ameambiwa aamini tu alichofunuliwa mchungaji.

Nirudi kwa Ruthu. Mwaka uliofuata niliomba ibada za katikati ya wiki, nikakipitia kitabu kile kwa majuma manne, sura moja kila juma. Sura ya 4 ndiyo iliyonifungua macho. Boazi anapanda langoni, anaketi. Jamaa aliye karibu zaidi anapita, anaitwa, wazee 10 wanakalishwa. Boazi anataja shamba kwanza. Jamaa anasema nitalikomboa. Ndipo anataja Ruthu Mmoabi, mjane, ambaye mtoto wake atalirithi jina la marehemu. Yule jamaa anarudi nyuma: siwezi, nisije nikauharibu urithi wangu. Anavua kiatu. Kitabu hakimpi hata jina.

Hapa kwetu sikuhitaji kueleza sana. Kila aliyewahi kukaa kikao cha ukoo baada ya arobaini, mirathi ikijadiliwa na mjane amejikunyata pembeni, anamjua jamaa huyo. Analitaka shamba, mjane hamtaki. Boazi analipa gharama ambayo mwenye haki ya kwanza ameikimbia. Sikulazimika kusema Boazi ni Yesu aliyejificha, wala kutafuta siri katika vipimo sita vya shayiri. Kitabu chenyewe kinaishia kwa Obedi, Yese, Daudi. Mathayo anaipokea orodha hiyo, anamwandika Ruthu kwa jina, anashuka nayo mpaka kwa Yesu: Mkombozi ambaye alikuwa tajiri, akawa maskini kwa ajili yetu.

Na katika mistari ya mwisho mtoto hawekwi kifuani pa Ruthu. Anawekwa kifuani pa Naomi, yule aliyesema mniite Mara, yaani mwenye uchungu. Mama wa wajukuu wawili alikuwa amekaa benchi la tatu. Neno lake lilikuwa mle tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyelipita.

Maandalizi sasa. Njia hii inadai. Unahitaji kukisoma kitabu chote mara kadhaa kabla ya hubiri la kwanza, na unahitaji angalau tafsiri mbili, ile ya Muungano ya 1952 na Habari Njema, uzilinganishe. Vitabu vya ufafanuzi kwa Kiswahili ni vichache, na mhubiri asiyesoma Kiingereza anaumia hapo. Hata hivyo, nimewasikia wainjilisti wenye Biblia moja na itifaki (kitabu cha kutafutia mistari kwa neno) iliyochakaa wakifafanua Marko kwa kina kwa sababu tu waliisoma na kuirudia.

Msikilizaji wa kila wiki anakua. Yule wa mara moja kwa mwezi anaweza kujiona ameingia katikati ya mazungumzo ya watu. Mchungaji Martyn Lloyd-Jones alifafanua Warumi London usiku wa Ijumaa kuanzia 1955 hadi 1968, na alikuwa amefika sura ya 14 mstari wa 17 tu. Alikuwa na wasikilizaji wa kuweza hilo. Mtaa wangu wenye wakulima na wafanyabiashara wa mnadani hauwezi. Majuma manne hadi nane yanatutosha, kisha tunabadilisha.

Mtego wake una pande mbili. Upande mmoja, hubiri linageuka kuwa darasa: ramani, majina ya wafalme, maana ya neno la Kiebrania, halafu amina. Au mhubiri anaahirisha, anasema Kristo tutamfikia sura ya 4. Yule aliyekuja sura ya 2 huenda asirudi. Filipo hakumwambia Mwethiopia aliyemkuta akisoma Isaya garini angoje kitabu kiishe. Alianza na andiko lilo hilo, akamhubiri Yesu, na gari lilikuwa likienda. Upande wa pili ni kumlazimisha Kristo penye kila kijiti. Kamba nyekundu ya Rahabu, yule kahaba wa Yeriko, ilifananishwa na damu ya Kristo tangu barua ya Klementi wa Roma mwishoni mwa karne ya kwanza, na simlaumu anayeona hivyo. Lakini msikilizaji akizoea kuona mafumbo yanatolewa hewani, anajifunza kwamba Biblia ina mlango mmoja tu, na ufunguo anao mhubiri.

Inawafaa wachungaji watakaokaa mahali pamoja kwa miaka, vikundi vya wanafunzi vyuoni, na makanisa ambayo watu wake wamechoka kupelekwa huku na huku.

Kuhubiri kwa mada

Wapenzi wa mfululizo huidharau njia hii, na hawaitendei haki. Paulo pale Areopago, mjini Athene, hakufungua kitabu cha nabii. Alianza na madhabahu waliyokuwa nayo, ya Mungu asiyejulikana, akanukuu mashairi yao, akafika kwenye ufufuo. Hilo ni hubiri la mada, na liliwafaa watu wasioijua Torati. Spurgeon, mhubiri wa Kibaptisti wa Uingereza, alikuwa akichagua mstari mpya karibu kila juma bila kufuata kitabu. Jengo lake kubwa lilipofunguliwa London, Machi 1861, alitangaza kwamba mada ya huduma humo, muda wote mimbari itakaposimama, iwe nafsi ya Yesu Kristo. Na sisi Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu: wapendwa wa Uamsho, lile vuguvugu la toba na ushuhuda, kutoka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, mara nyingi walisimama na ushuhuda na mstari mmoja, na msalaba ukasikika kwa uzito ambao wasomi wengi hawakuufikia.

Kwa njia hii, basi, Kristo anatoka moyoni mwa mhubiri kuliko anavyotoka katika mpangilio. Hapo ndipo uzuri wake na hatari yake vilipo. Kama mhubiri amejaa Kristo, mada yoyote itamfikisha kwake. Akiwa na jambo lake, hakuna kalenda wala sura inayofuata ya kumzuia.

Andiko huumia mara nyingi. Mtu anaamua la kusema, kisha anafungua itifaki kutafuta mistari ya kumuunga mkono. "Wewe uendako nitakwenda" husomwa kwenye harusi zetu kana kwamba ni bibi arusi anamwambia bwana arusi, na wachache hukumbuka ni mjane anamwambia mama mkwe, mjane mwenzake, barabarani, wasijue kesho watakula nini. Si dhambi kuyasoma harusini. Ila yakisomwa yalivyo, yana uzito zaidi: agano la mgeni na Mungu wa Israeli, ambalo mwisho wake ni Bethlehemu.

Maandalizi yanaonekana mepesi, lakini mada inayofanywa kwa uaminifu ni ngumu kuliko sura moja, kwa sababu inakudai uijue Biblia nzima. Kuhubiri juu ya deni, ulevi, urithi wa wajane au ndoa iliyovunjika kunataka uonyeshe msalaba unasema nini kwa mtu huyo hasa. Faida kwa msikilizaji ni ya papo kwa papo. Aliyeingia na kidonda chake anaondoka ameguswa palepale, na mgeni haoni kwamba amechelewa.

Mtego wake ndio unaoniumiza zaidi, kwa sababu nauona kila kona. Kristo anageuzwa nyenzo. Mada ni kuvuka, kufunguliwa, kupandishwa cheo, na Yesu analetwa kama njia ya kukipata kile ambacho watu walikuwa wakikitaka hata kabla hawajamsikia. Mtu anatoa sadaka ya mwisho aliyokuwa nayo ya ada ya mtoto, mlango haufunguki, na anarudi nyumbani akiamini kwamba imani yake ndiyo iliyopungua. Hajaambiwa kwamba alishapendwa mpaka kufa msalabani. Hilo ni deni letu sisi tunaosimama mimbarani.

Inawafaa wenye mikutano ya injili, wanaohudumia misiba na harusi, na kanisa linalopita katika jambo zito: njaa, mgogoro wa ardhi, kifo cha ghafla cha kijana. Kukwepa jambo hilo kwa sababu zamu ni ya Walawi sura ya 11 ni kuwakimbia watu.

Kulingana na hali yako

Kama ndiyo kwanza umepewa mtaa na huna vitabu, shika kalenda ya kanisa lako kwa mwaka mmoja au miwili. Hubiri Injili ya siku, na lile somo la Agano la Kale litumie kama taa ya pembeni. Ukishazoea, jaribu mfululizo mfupi katikati ya wiki, Ruthu, Yona au Wafilipi, kila kimoja kina sura nne.

Kama mko wahubiri watano wa zamu, msianze mfululizo mpaka mmekaa pamoja kukisoma kitabu. Nimeona Wagalatia wa sura ya 2 na Wagalatia wa sura ya 3 wakipingana mimbari ileile, na waumini wakitazamana.

Kama kanisa lako limelishwa mada tupu kwa miaka mingi, usilitupie Warumi ghafla. Anza na Injili ya Marko, fupi na yenye mwendo, waonane na Yesu mwenyewe. Na kama mmefuata kalenda mpaka watu wanasinzia, wengi hutenganisha mwaka: kalenda kuanzia Majilio hadi Pentekoste, na mfululizo katika ile miezi mirefu inayofuata, pale utaratibu wa kanisa unaporuhusu.

Mchungaji wa mjini ambaye waumini wake wanahamahama afanye mfululizo mfupi, lakini kila hubiri limfikishe mgeni msalabani siku hiyohiyo.

Na ukiitwa msibani, ukapewa dakika 10 chini ya turubai huku jeneza likisubiri na jua likizidi, usitafute mada. Soma Yohana 11 polepole. Mwache Martha aseme kwamba Bwana angekuwapo, ndugu yake hangalikufa, kwa sababu wafiwa walio mbele yako wanasema hivyohivyo mioyoni. Kabla hujafika kwenye jiwe kuondolewa, simama kwanza kwenye mstari wa 35: "Yesu akalia machozi."